Kidonge kimoja, dawa mbili: kuzielewa dawa za kukojosha zilizounganishwa kwa tiba ya presha

Chukua boksi la dawa yako ya presha ulisome. Kama limeandikwa Losartan H, Telmisartan H, Hyzaar, Co-Diovan, Zestoretic, Coversyl Plus au Moduretic, basi kidonge kimoja unachomeza kina dawa mbili, na mojawapo ni dawa ya kukojosha. Ile herufi H, ambayo maboksi mengine huiandika HCT au HCTZ, ni haidroklorothiazaidi, dawa ya kukojosha inayokutwa kwenye vidonge vingi vya namna hii. Wagonjwa wengi humeza vidonge hivi kwa miaka bila kuelezwa. Wanachojua ni kwamba ni "vya presha", basi.

Vidonge hivi hupangwa kabati moja na huzungumzwa kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali dawa ya pili iliyomo huwekwa kwa sababu tofauti kabisa. Katika baadhi, kazi yake kubwa ni kuzuia madini ya potasiamu yasipotelee kwenye mkojo. Katika vingine ni dawa kamili ya presha iliyoletwa kuongeza nguvu. Mtu akiyachanganya makundi haya mawili, au akameza yote mawili bila kujua, potasiamu yake inaweza kushuka mno au kupanda mno, na moyo haupendi hata hali moja kati ya hizo. Ndiyo maana mimi, mtu akiniuliza kipi kati ya vidonge hivi ni kizuri, swali langu la kwanza ni hili: ile dawa ya kukojosha imeunganishwa na nani, na huyo mwenzake amewekwa afanye nini?

Safari ya chumvi ndani ya figo

Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku. Karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachobaki kutoka kama mkojo ni lita moja na nusu au mbili hivi. Njia kuu ya kuyarudisha maji ni kuirudisha sodiamu, yaani sehemu ya chumvi: sodiamu ikirudi, maji huifuata. Dawa ya kukojosha huziba moja ya sehemu za kuirudishia hiyo sodiamu, na tabia ya kila dawa hutegemea imeziba wapi.

Furosemaidi, ambayo watu wengi huijua kwa jina la Lasix, huziba sehemu ya katikati ya mrija wa figo, mahali panaporudishwa karibu robo ya sodiamu yote. Ndiyo sababu mkojo wake huja kwa kishindo. Lakini nguvu yake huisha baada ya saa sita hivi, halafu figo huanza kuishikilia chumvi upya. Hufaa sana kwa mtu aliyevimba kwa ugonjwa wa moyo au ambaye figo zake zimedhoofika sana, lakini kwa presha ya kawaida, kidonge kimoja cha Lasix kwa siku ni chaguo dhaifu. Nasisitiza hili kwa sababu bado wapo watu wanaoamini kwamba dawa inayokojosha zaidi ndiyo inayoshusha presha zaidi. Sivyo.

Thiazaidi ndiyo kundi lenye kazi hiyo. Humo wamo haidroklorothiazaidi, bendrofluazaidi ambayo wazee wengi wa Tanzania wameitumia kwa miaka, na jamaa zao wa karibu klorthalidoni na indapamaidi. Hizi huziba sehemu iliyo mbele zaidi ya hapo, kuelekea mwisho wa mrija, panaporudishwa takriban asilimia 5 tu ya sodiamu. Mkojo huongezeka kidogo siku za mwanzo, kisha hutulia, na hapo mgonjwa hudhani dawa imeacha kufanya kazi. La hasha: baada ya wiki kadhaa maji ya mwili hurudi karibu na kiwango cha awali, lakini mishipa ya damu hubaki imelegea na presha hubaki chini.

Sodiamu iliyokwepa pale huenda hadi mwisho wa mrija, na hapo ndipo kisa cha potasiamu kinapoanzia. Mwili ukihisi chumvi inapotea, huongeza homoni iitwayo aldosteroni. Homoni hiyo hufungua vijilango vya kuiokoa sodiamu, na kadiri sodiamu inavyookolewa hapo, ndivyo potasiamu inavyotolewa kuingia kwenye mkojo. Kiwango cha kawaida cha potasiamu katika damu ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita. Ikishuka, mtu huchoka bila sababu, misuli ya miguu humkaza usiku, choo huwa kigumu, na mapigo ya moyo huweza kwenda ovyo, hasa kwa anayetumia dawa ya moyo iitwayo digoksini.

Na madhara yake si ya mwilini mwa mtu mmoja mmoja tu. Yameonekana hata kwenye tafiti kubwa. Katika utafiti wa SHEP uliofanyika Marekani, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 1991, klorthalidoni ilipunguza kiharusi kwa asilimia 36 miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Watafiti waliporudi baadaye kuchambua takwimu zile, waligundua kwamba wale ambao potasiamu yao ilishuka hawakupata faida ile waliyoipata wenzao.

Kundi la kwanza: mwenzake ni mlinzi wa potasiamu

Thiazaidi ya kwanza, klorothiazaidi, ilitoka maabara za Merck nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, na haidroklorothiazaidi ikafuata mwaka 1959. Kabla ya hapo, dawa za kukojosha zenye nguvu zilikuwa sindano zenye zebaki ndani yake. Madaktari waliipokea thiazaidi kwa furaha na wakaitoa kwa wingi: miligramu 50, 100 na hata zaidi kwa siku. Leo tunatumia 12.5 hadi 25. Kwa dozi zile kubwa potasiamu ilimwagika, na hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuiunganisha na dawa inayofunga vile vijilango vya mwisho.

Wenza hao ni watatu. Amiloraidi na triamterini hufunga vijilango vyenyewe moja kwa moja. Spironolaktoni huizuia ile homoni ya aldosteroni isitoe amri ya kuvifungua. Amiloraidi pamoja na haidroklorothiazaidi ndiyo Moduretic, triamterini na haidroklorothiazaidi ni Dyazide au Maxzide, na spironolaktoni na haidroklorothiazaidi ni Aldactazide.

Kati ya wenza hao, mimi naiheshimu zaidi amiloraidi, na naona haikupewa nafasi inayostahili. Utafiti wa PATHWAY-3 wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2016, uliwagawa watu wapatao 440 wenye presha na dalili za kuelekea kwenye kisukari. Wengine walipewa amiloraidi peke yake, wengine haidroklorothiazaidi peke yake, na wengine zote mbili kwa nusu ya dozi. Thiazaidi peke yake ilipandisha sukari, amiloraidi haikufanya hivyo, na walioziunganisha sukari yao ilibaki palepale huku presha ikishuka zaidi kuliko kwa thiazaidi peke yake. Kwa familia zetu, ambamo presha na kisukari mara nyingi hukaa nyumba moja, hilo si jambo dogo.

Kuna kasoro moja kwenye boksi lakini. Kidonge cha zamani cha Moduretic kina miligramu 5 za amiloraidi na 50 za haidroklorothiazaidi, kipimo ambacho kwa viwango vya sasa ni kikubwa. Utafiti wa INSIGHT wa mwaka 2000, uliowashindanisha wagonjwa zaidi ya 6,000 wa mchanganyiko huu na wa nifedipini, dawa ya presha inayolegeza mishipa, ulianza na nusu ya kipimo hicho, na matokeo ya moyo na kiharusi yakalingana. Ukiandikiwa nusu kidonge, usidhani umepunjwa.

Triamterini sina mengi ya kuisifia. Huweza kuganda na kuwa mawe ya figo kwa baadhi ya watu, na ikikutana na dawa ya maumivu ya indomethasini huweza kuziangusha figo ghafla. Ushahidi wake wa kuzuia kiharusi na maradhi ya moyo nao ni mwembamba kuliko wa amiloraidi.

Spironolaktoni ni habari nyingine. Haianzishwi mwanzo wa safari kwa mgonjwa wa presha wa kawaida, bali huitwa presha inapokataa kushuka licha ya dawa tatu zilizopangwa vizuri. Utafiti wa PATHWAY-2 wa mwaka 2015 uliipambanisha na dawa nyingine mbili kwa wagonjwa wa namna hiyo, na spironolaktoni ikazishinda waziwazi. Shida yake ni kwamba huigusa pia mifumo ya homoni za uzazi: mwanamume anaweza kuota matiti yanayouma, na mwanamke hedhi yake ikavurugika. Wanaume wengi hulionea aibu jambo hili wakaacha dawa kimyakimya. Mwambie daktari. Mara nyingi amiloraidi huweza kushika nafasi yake.

Kundi la pili: mwenzake ni dawa ya presha inayojitegemea

Hapa ndipo vilipo vidonge vingi vinavyoandikwa siku hizi. Thiazaidi inapopunguza chumvi, figo hujibu kwa kutoa renini, nayo huanzisha mlolongo unaobana mishipa na kuipandisha tena aldosteroni. Dawa za jamii ya lisinoprili, enalaprili na perindoprili, au losartani, valsartani na telmisartani, huukata mlolongo huo. Ndiyo maana wawili hawa husaidiana kuliko ambavyo kila mmoja angefanya akiwa peke yake. Faida nyingine huja bila kuombwa: kwa kuwa aldosteroni inazuiwa, potasiamu haipotei sana. Losartani huipandisha kidogo, haidroklorothiazaidi huishusha kidogo, zikaishia karibu na katikati.

Mwenza mwingine ni amlodipini, inayolegeza mishipa ya damu moja kwa moja. Ikiungana na thiazaidi presha hushuka vizuri sana, lakini hakuna anayeilinda potasiamu kati yao, kwa hiyo kipimo cha damu ni cha lazima zaidi hapa.

Swali la mwenza yupi anafaa linamgusa msomaji wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Watu wengi weusi wenye presha huwa na renini iliyo chini na miili inayoshikilia chumvi, kwa hiyo dawa zinazotegemea kuukata mlolongo wa renini, zikitolewa peke yake, huwa dhaifu kwao. Utafiti wa ALLHAT wa mwaka 2002, wenye washiriki zaidi ya 33,000, ulionyesha kwamba miongoni mwa washiriki weusi waliopewa lisinoprili, kiharusi kilitokea kwa asilimia 40 zaidi kuliko kwa waliopewa klorthalidoni. Lakini wale walikuwa Wamarekani. Tulihitaji jibu la kutoka kwetu, na lilipatikana mwaka 2019 katika utafiti wa CREOLE, uliofanyika Kenya, Uganda, Msumbiji, Kamerun, Nigeria na Afrika Kusini kwa wagonjwa 728. Walijaribu jozi tatu: amlodipini na haidroklorothiazaidi, amlodipini na perindoprili, perindoprili na haidroklorothiazaidi. Baada ya miezi sita, jozi zote mbili zenye amlodipini ziliishusha presha ya juu, yaani ile namba ya kwanza ya kipimo, kwa takriban alama 3 zaidi ya ile isiyo na amlodipini, na zenyewe kwa zenyewe zililingana.

Alama tatu zinaonekana kidogo kwa mtu mmoja. Kwa taifa zima ni viharusi vingi visivyotokea. Kwa hiyo mgonjwa mweusi ambaye Losartan H haijamshusha vya kutosha ana haki ya kuuliza kama amlodipini ingefaa kuongezwa, badala ya kuongezewa tu dozi ya kile anachomeza. Uchambuzi mmoja wa tafiti 42, wa mwaka 2009, ulionyesha kwamba kuongeza dawa ya kundi jingine hushusha presha takriban mara tano zaidi ya kuiongeza maradufu dozi ya ile ya kwanza. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linapendelea wagonjwa wengi waanze na dawa mbili, ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja.

Kuna mtego hapa ambao nimeuona ukiwakamata wengi. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Mgonjwa anavimba, anaenda duka la dawa, anapewa Lasix "ya kutoa maji". Uvimbe ule hautokani na maji kuzidi mwilini. Ni mishipa midogo iliyolegea ikavujisha majimaji chini ya ngozi, na dawa ya kukojosha haiutibu. Kinachosaidia ni kupunguza dozi ya amlodipini, au kuongeza dawa ya jamii ya losartani au lisinoprili. Lasix ile humletea tu upungufu wa potasiamu ambao hakuwa nao.

Je, thiazaidi ipi ni bora ndani ya jozi? Kwa miaka mingi wataalamu walishikilia kwamba klorthalidoni huipita haidroklorothiazaidi kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Mwaka 2022 wakongwe wa jeshi la Marekani zaidi ya 13,000 walipolinganishwa, hakukuwa na tofauti katika mashambulizi ya moyo, kiharusi na vifo, na klorthalidoni ilishusha potasiamu mara nyingi zaidi. Indapamaidi ina sifa nzuri kwa wazee: katika utafiti wa HYVET wa mwaka 2008, watu wa miaka 80 na kuendelea walioanza nayo, wakiongezewa perindoprili ilipohitajika, walikufa wachache kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Makundi mawili yakikutana

Hatari kubwa kuliko zote katika habari hii hutokea mgonjwa anapokuwa na kidonge cha kundi la kwanza na cha kundi la pili kwa pamoja. Losartani huzuia potasiamu isitoke. Spironolaktoni na amiloraidi nazo huzuia isitoke. Zikikutana kwa mtu ambaye figo zake zimeanza kuchoka kwa kisukari, potasiamu huweza kupita 6, na mara nyingi haitoi dalili hadi moyo unapobadili mapigo. Madaktari huziunganisha kwa makusudi katika presha sugu na katika moyo ulioshindwa, lakini wakifanya hivyo hupima potasiamu na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) kabla, na kurudia wiki ya kwanza hadi ya nne. Bila vipimo hivyo, mchanganyiko huu haufai.

Na potasiamu haipandishwi na dawa za presha tu. Co-trimoxazole, ile Septrin inayojulikana na kila mtu, ndani yake mna trimethoprimu, ambayo hufunga vijilango vilevile vinavyofungwa na amiloraidi. Wapo watu wengi wanaoishi na VVU katika ukanda wetu wanaoimeza kila siku kama kinga. Akiandikiwa spironolaktoni au losartani pale kliniki ya presha, na kliniki ya presha haijui anachomeza kutoka kliniki ya pili, hakuna anayeziona dawa zote kwa pamoja isipokuwa yeye mwenyewe. Nenda na vidonge vyako vyote kwenye mfuko. Hata vile unavyoona haya kuvionyesha.

Dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, ni adui wa pili. Ukiwa na dawa ya kukojosha, na dawa ya jamii ya losartani, kisha ukaongeza diklofenaki ya mgongo kwa wiki mbili, figo hubanwa pande tatu kwa wakati mmoja. Wengi wamefikishwa hospitali figo zikiwa zimesimama kwa njia hii. Paracetamol ni salama zaidi. Chumvi mbadala zinazouzwa kwa wagonjwa wa presha nazo mara nyingi ni za potasiamu, na madafu yana potasiamu nyingi. Anayetumia thiazaidi peke yake au na amlodipini, dafu halina ubaya kwake. Mwenye spironolaktoni na figo dhaifu asilifanye kinywaji cha kila siku.

Upande wa pili wa vipimo ni sodiamu. Thiazaidi yoyote, iwe na mlinzi wa potasiamu au isiwe naye, huweza kuishusha sodiamu, hasa kwa mabibi wenye miili midogo. Bibi huanza kuyumba, kusahau, kuongea yasiyoeleweka, na nyumba nzima ikasema ni uzee. Kama mabadiliko hayo yamekuja ndani ya wiki chache tangu aanze kidonge kipya, apimwe damu haraka.

Mengine ni mafupi. Mwenye jongo, yaani gauti, aseme kabla ya kupewa thiazaidi, kwani huongeza asidi ya yuriki. Mjamzito, au anayetarajia ujauzito, asimeze kabisa lisinoprili, losartani na jamaa zao, kwani huharibu figo za mtoto aliye tumboni. Anayefunga Ramadhani azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama. Kwenye joto la pwani, kidonge cha kukojosha kikimezwa wakati wa daku na mchana kutwa usinywe maji, kizunguzungu kitakukuta adhuhuri. Mara nyingi huhamishiwa baada ya futari, au dozi hupunguzwa.

Ndugu zetu wenye ualbino wanastahili neno lao. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilionya kwamba kutumia haidroklorothiazaidi kwa miaka mingi kunahusishwa na ongezeko la saratani za ngozi zisizo melanoma (melanoma ni ile saratani ya ngozi iliyo kali zaidi), huenda kwa sababu dawa hii huifanya ngozi iumizwe zaidi na jua. Ongezeko hilo limeonekana hasa kwa watu weupe. Kwa mtu mwenye ualbino anayeishi chini ya jua la ikweta, na ambaye tayari hupambana na saratani hizo, mimi naona daktari aitafute kwanza dawa nyingine, kwani amlodipini ipo na lisinoprili ipo.

Mwisho kuna siku ambayo duka la dawa limeishiwa. Umeenda na karatasi ya Losartan H, wana losartani tupu. Kuichukua kwa siku chache huku ukisubiri hakutakudhuru, lakini jua kwamba umepoteza nusu ya tiba yako, na presha inaweza kupanda. Kama wana losartani na haidroklorothiazaidi katika vidonge viwili, dozi zikilingana, ni tiba ileile. Usichokubali ni kubadilishiwa Losartan H kwa Moduretic kwa maelezo kwamba zote zina H, wala kuongezewa Moduretic juu yake. Mwombe mfamasia akusomee majina ya dawa zote mbili zilizoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, pamoja na miligramu za kila moja, kisha uyalinganishe na boksi lako la zamani kabla ya kulipa.